Uvimbe wa mbwa si wa kungojea

Juma hili tuongee juu ya mlinzi wa lupango: mbwa.

Nilikuwa na mbwa jike, Bijou. Siku moja nikimwogesha, niligusa kitu kama punje ya mahindi karibu na titi lake la nyuma. Nikasema ni maziwa yaliyobaki, maana alikuwa ametoka kunyonyesha. Miezi saba ikapita. Punje ikawa kama limau, naye akaanza kuacha bukari yake, mbavu zikahesabika. Daktari wa wanyama alipofika alitwambia ni kansa, na kwa vile alivyokonda, huenda imekwisha kuingia ndani. Akauliza neno moja tu: «Mama, mbona hamkuniita ilipokuwa punje?» Sikuwa na jibu.

Si kila uvimbe ni kansa. Uvimbe wenye tundu dogo juu mara nyingi ni funza wa yule nzi anayetufanya tupige pasi nguo za watoto. Uvimbe uliotokea kwa siku mbili tatu, wa moto na wenye kuuma, mara nyingi ni jipu, labda mbwa aliumwa na mwenzake. Uvimbe laini unaotembea chini ya ngozi ya mbwa mzee unaweza kuwa mafuta tu.

Lakini mambo haya yasingoje:

Uvimbe wa titi. Kwa mbwa jike, karibu nusu yake ni kansa. Ukikatwa ungali mdogo, wengi wanapona. Mbwa aliyefungwa uzazi kabla ya joto la kwanza ni nadra kuupata.

Nyama inayoota sehemu za siri na kutoa damu. Hiyo ni kansa inayoambukizwa mbwa wakipandana. Isiwatishe: sindano moja kwa juma, kwa majuma manne hadi sita, kwa kawaida inaiponyesha.

Matezi yaliyovimba pande zote mbili, chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, huku mbwa anakonda. Inaweza kuwa kansa, au ugonjwa unaoletwa na kupe.

Kukonda bila uvimbe nako kuna sababu: minyoo, meno mabovu, figo, au chakula kidogo. Chukueni kamba, mpime kifua chake, mfunge fundo. Baada ya majuma mawili pimeni tena. Fundo halidanganyi kama macho yanayomwona kila siku.

Msitumbue wala kukata uvimbe kwa wembe, na msiufunge kwa uzi. Msimpe ibuprofeni, diklofenaki wala parasetamoli ya watu; zinaweza kumwua. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula au anayetokwa mate mengi msimguse kabisa, huenda ni kichaa cha mbwa.

Hapa Lubumbashi tuna bahati: Chuo Kikuu chetu kina kitivo cha tiba ya wanyama. Ulizeni bei mapema. Kukata punje hakugharimu kama kukata limau.

Leo jioni, mbwa akisha kula, mpitishieni mkono taratibu, kutoka taya mpaka mkia, na tumbo lote. Ni dakika tano. Mimi sikuzitoa, na Bijou hayupo tena mlangoni.