Kukhu Alicheza, Diski Imekana

JICHO LA MPAKANI
Na Taaka wa Burumba

"Faili zipo, mama," kijana akaniambia, "ila hazifunguki."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nimekaa kwenye benchi la mbao ndani ya studio moja ya video hapa Busia, chumba kisichozidi kibanda cha kunyolea. Kijana alikuwa amevaa jaketi lenye mifuko kumi na minne. Niliihesabu, maana muda nilikuwa nao. Mgongoni limeandikwa DAIREKTA kwa herufi za dhahabu, kwa hiyo na tumwite Dairekta. Akabofya faili lenye jina "Kukhu anacheza". Kioo kikawa cheusi. Akabofya lingine, "Mahari". Cheusi. "Keki." Cheusi.

Nimeishi mpakani maisha yangu yote na uongo wa hapa naujua kwa majina. Mzigo upo ila haujafika. Karani yupo ila ametoka. Lakini video iliyopo ila haifunguki ilikuwa ngeni kwangu. Ni sawa na kuambiwa ng'ombe yupo, ila hana nyama, ngozi wala kwato.

Nasema msimamo wangu mapema kabla sijapoa: anayelipwa kutunza kumbukumbu za watu, kisha akazitupa kwenye kidubwana cha shilingi 1,200 alichonunua stejini, si fundi wa video. Ni mchuuzi wa jaketi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwezi jana binti wa dada yangu alitolewa mahari kule Tororo, nyumbani kwa Shemeji. Shemeji alituhakikishia kwamba mpiga video anaye. "Ni mtu wangu," akasema. "Ana droni." Kijana alitaka 50,000 za Kenya. Shemeji, ambaye hata muuza nyanya wa sokoni humkimbia, akamkata hadi 35,000. Tukalipa 25,000 mkononi, 10,000 zikabaki za siku ya kupokea kazi.

Siku yenyewe ilikuwa njema. Mwamba wa Tororo ulisimama nyuma yetu kama mgeni rasmi asiye na haraka. Kamera zilikuwa mbili, taa tatu, na droni iliyopita juu ya hema mpaka kuku wakakimbilia chini ya meza ya wakwe. Kisha ikapigwa ngoma, na mama yangu, ambaye wajukuu humwita Kukhu, akaomba fimbo yake ishikwe. Ana miaka 84. Alikuwa ametoka Samia alfajiri na kuvuka mpaka akilalamika magoti, na tulikuwa tumekubaliana kwamba angekaa tu. Hakukaa. Alicheza mabega kwa dakika nne nzima, na kamera zote mbili zikamgeukia. Tangu siku ile amekuwa akinipigia simu kila jioni kuuliza swali moja: "Picha zangu zimeiva?"

Ndizo nilizozifuata Alhamisi.

Nikamwuliza Dairekta kazi yetu aliiweka wapi. Akatoa kutoka mfuko wa tisa diski nyeusi inayong'aa, ukubwa wa kiberiti, imeandikwa "2TB" kwa rangi ya dhahabu. Terabaiti mbili, yaani gigabaiti 2,000, kwa shilingi 1,200, kutoka kwa mchuuzi wa mkononi. "Ni orijino," akasema, na nadhani aliamini. Diski ya kweli ya ukubwa huo na umbo hilo, dukani kwa mtu mwenye risiti, itakutoa zaidi ya mara kumi ya hizo.

Mlango wa pili yupo fundi simu, kijana mpole asiye na jaketi. Tukampelekea. Akaipima kiganjani, akacheka peke yake, kisha akaingiza wembe kwenye ukingo wa plastiki. Ganda likapasuka kama la njugu. Ndani palikuwa na kikadi cha kumbukumbu cha simu, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimebandikwa kwa gundi. Kando yake kipande cha chuma, nacho kimegundishwa. Nikauliza chuma ni cha nini. "Uzito, mama. Ndiyo ujue umenunua kitu."

Kikadi chenyewe kilikuwa na gigabaiti 64. Fundi alinieleza ujanja wake hivi: sehemu inayokiongoza imefundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani, inajibu terabaiti mbili, na kompyuta haina desturi ya kubishana na wageni. Gigabaiti 64 za kwanza huingia kweli. Zinazofuata zinamwagika, na kinachobaki ni jina na ukubwa wa faili, mfano wa mwanachama aliyehama mji zamani ila daftari la chama bado linamsoma.

Je, kilichopona ni nini? Muda wa saa moja na robo wa picha za asubuhi: magari yakiegeshwa, hema likisimamishwa, mshereheshaji akiijaribu maikrofoni, "moja, mbili, moja, mbili," na paa la Shemeji likitazamwa kutoka angani kwa muda mrefu kuliko paa lolote linavyostahili. Mahari hayapo. Kukhu hayupo.

"Na kadi za kamera?" nikauliza, nikishikilia ukingo wa meza.

"Nilizifuta usiku ule ule, mama. Kesho yake nilikuwa na mazishi Nambale."

Hapo ndipo nilipopata habari za mazishi ya Nambale, na nawapa pole wafiwa mapema.

Cha kuniuma zaidi ni kwamba ishara niliiona. Wiki mbili kabla nilipita pale nikamkuta akihariri moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo, na magari ya wakwe yalikuwa yakienda hatua moja, yanasimama, hatua nyingine, yanasimama. Akasingizia laptopu, eti "inapumua". Haikuwa inapumua. Mimi si mtaalamu, lakini hesabu ya duka naiweza. Kamera yake ya 4K inarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti 12 na nusu, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikichezwa pamoja zinataka megabaiti 25 kila sekunde bila kukatika, na fundi alipokipima kikadi kile kilitoa kumi na kitu. Hapo ndipo penye kukwama. Diski kubwa ya kuzunguka inatoa mia moja na zaidi ikitulia, SSD ya kawaida, ile isiyozunguka, inatoa mia tano na kitu, na zile nyembamba zinazochomekwa ndani ya kompyuta zinafika maelfu. Hata hivyo, SSD nzuri ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0 itakupa kama thelathini au arobaini tu. Umenunua farasi ukamfunga kwenye mkokoteni wa punda.

Mji huu ndio uliozaa bodaboda. Baiskeli zilianza kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, waendeshaji wakiita "boda, boda", na leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki nzima. Wazee wale walijua jambo moja: kabla ya kuutangaza mwendo, kagua keria. Mzigo ukianguka njiani, hakuna atakayesifu kengele yako. Na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe Februari 2018, mfuko wangu wa nyanya hutazamwa na watu wa nchi mbili kwenye meza moja. Diski za Dairekta hazikuwahi kuulizwa na mtu hata mmoja zinabeba kiasi gani.

Nasikia mtetezi mmoja (najua ni wewe, mwalimu mstaafu wa Amagoro) akisema vijana hawa hawana mtaji. Tafadhali. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* kwa fedha ambazo yeye mwenyewe alisema hazifiki dola 200. Filamu ilipokwisha, kompyuta haikuwa na nafasi ya kazi iliyofuata, akaifuta asili yake. Nakala tunayoitazama leo ni ile yenye msimulizi VJ Emmie akipiga kelele juu ya kila risasi. Huo ndio umaskini wa kweli wa nafasi, na ninauheshimu, maana mwenyewe hakuficha. Dairekta ana droni. Ana taa tatu. Ana mifuko kumi na minne. Huyu hakukosa mtaji, alikosa kihenge. Amenunua trekta, mahindi ameyamwaga barabarani.

Wala ukubwa haukingi. Mwaka 1998 Pixar, matajiri wa katuni, walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya *Toy Story 2*, wakakimbilia nakala ya akiba wakakuta haifai. Aliyewaokoa ni mama mmoja wa kazini mwao, Galyn Susman, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa na nakala nyumbani ya kufanyia kazi. Kwangu hilo linatosha kama kanuni: nakala mbili chumbani mwako, ya tatu kwa mtu mwenye mtoto mchanga.

Kwa kuwa sitaki kupigiwa simu wiki nzima, nawaambia alichoniambia fundi asiye na jaketi. Kazi ya leo iweke kwenye SSD, ndiyo yenye mbio. Kazi iliyokwisha ihamishie diski ya kuzunguka, maana gigabaiti zake ni rahisi, lakini usiipakie bodaboda ikiwa inazunguka, haipendi mashimo ya barabara zetu. Kadi ya kamera usiifute mpaka faili zimefunguka, zikachezwa, sehemu mbili tofauti. Na diski mpya ijaze kwanza mpaka juu kisha uisome yote, kama mtungi mpya unavyojazwa maji kuona kama unavuja. Programu za kufanya hivyo, H2testw na F3, ni za bure. Hata Shemeji hawezi kukata bei hapo.

Na sisi wateja, tusijifanye malaika. Tuliuliza habari za droni, tukauliza rangi ya jalada la DVD, dada yangu akauliza kama kamera inapunguza unene. Hakuna aliyeuliza: utaziweka wapi? Zile 15,000 alizokata Shemeji kwa majigambo ndizo zingenunua diski ya heshima. Nimemwambia hivyo kwa simu. Amejibu kwamba yupo mtu wake mwingine.

Ijumaa nilikwenda Samia kumweleza Kukhu. Nilieleza kikadi, gundi, chuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo sikucheza?"

Nilikosa jibu mpaka Jumamosi, mpishi mmoja wa Tororo alipopata habari akanitumia video ya simu. Ni sekunde arobaini, imechukuliwa kutoka nyuma ya sufuria ya wali, nusu ya kioo ni mvuke. Lakini mabega ni ya Kukhu, na fimbo inaonekana mkononi mwa mchungaji asiyejua aifanyie nini. Kukhu ameitazama mara kumi na moja. Mpishi hakudai hata senti. Aliuliza tu kama imefika yote.

Jumapili jioni Dairekta naye akapiga. Nilidhani ni pole. Alikuwa anaulizia salio lake la 10,000, kwa kuwa "kazi ilifanyika, mama, ni diski tu iliyotuangusha."

Nimekubali kulipa. Mimi ni mtu wa haki na hesabu ya duka naiweza. Gigabaiti 64 kati ya 2,000 ni asilimia 3.2. Bahasha yake iko tayari mezani: nje nimeandika "10,000" kwa kalamu ya dhahabu, ndani nimeweka shilingi 320, na kando yake nimegundisha kile kipande cha chuma. Ndiyo ajue amelipwa kitu.