Kabla Ulipie Mashine ya Kusaga Kahawa, Amua Kwanza Utakunywa Gani

Mashine yangu ya kwanza ya kusaga kahawa niliinunua saa nne usiku nikiwa kitandani, simu mkononi. Picha ilikuwa safi, bei Sh2,800, na muuzaji akaniambia nitume pesa kwa namba yake mwenyewe kwa sababu ati till yake ilikuwa na shida kidogo. Nikatuma. Mashine ilifika, kwa hivyo siwezi kusema niliibiwa. Lakini ilikuwa ile ya visu, inayozunguka kama blenda ndogo, na yeye alikuwa ameitangaza kuwa ni ya espreso. Nilipompigia nikitaka kuirudisha, simu haikushikwa. Leo naitumia kusaga pilipili manga, na hiyo kazi inaifanya vizuri sana.

Visu havisagi, vinakatakata. Unapata unga mwembamba na vipande vikubwa ndani ya kikombe kimoja. Ule unga unatoa uchungu, vile vipande vinabaki na ladha yao ndani, na kahawa inakuwa chungu na chachu kwa wakati mmoja. Mtu analaumu kahawa, kumbe ni mashine. Unachotaka ni ile yenye meno mawili ya duara, ya chuma au ya seramiki, ambayo kahawa inapita katikati yake. Ukipunguza nafasi kati ya meno, unapata unga laini. Ukiiongeza, unapata chenga. Hapo sina mjadala na mtu.

Mjadala wangu ni na wale wanaouza “mashine moja ya kila kitu”. Espreso hutengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kwa presha ya karibu bar 9. Kwa kawaida unaweka gramu 18 za kahawa, unapata kama gramu 36 kikombeni, kwa sekunde 25 hadi 30. Kahawa ikiwa chenga kidogo tu, maji yanapita mbio na unakunywa kitu chachu. Ikiwa laini kupita kiasi, mashine inakwama na matone yanatoka moja moja. Kwa hivyo mashine ya espreso ni lazima iweze kurekebishwa kwa hatua ndogo sana.

Kahawa ya kuchuja kwa karatasi, ile unamwagia maji polepole kwa mkono, haina ukali huo. Gramu 15 za kahawa, gramu 250 za maji, dakika tatu hivi, na unga wa kama mchanga au chumvi ya mezani. Ukikosea hatua moja bado utakunywa, na kesho utarekebisha. Baratza Encore, kwa mfano, ina hatua 40 na inafaa sana kwa kazi hii, lakini ya kawaida ukiipeleka kwa espreso, hatua zake ni pana mno: moja inakimbiza maji, inayofuata inayakwamisha.

Ziko mashine zinazoweza yote mawili, sikatai. Lakini kila ukihama kutoka espreso kwenda ya kuchuja na kurudi, unamwaga kahawa ukitafuta kipimo tena, na mabaki ya jana yanajichanganya na ya leo. Hiyo kahawa inayomwagwa umeilipia.

Sasa jiulize ukweli: nyumbani uko na mashine ya espreso yenye pampu? Kile kibirika cha kuchemshia kahawa juu ya jiko, wengi wanakiita cha espreso, hakifiki presha hiyo hata karibu, na hakihitaji unga wa espreso. Kama huna pampu, usilipie uwezo ambao hutautumia. Na kama wewe ni mtu wa kahawa tungu ya kuchemshwa, kama ile ya Mombasa, hata hiyo karatasi si yako.

Kwa wengi wetu, naona ya mkono yenye meno mazuri ya chuma ndiyo ya kununua. Pesa yako inaenda kwa meno badala ya mota, na stima ikipotea bado unakunywa. Ubaya wake ni mkono: kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu, na ukisagia wageni sita utasikia begani. Lakini kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyosagwa papo hapo na kuchujwa kwa karatasi, ule uchachu wake kama wa tunda, hutarudi kwa ya pakiti.

Ukiamua ya umeme na umeiona kwa duka la Marekani, angalia volti kwanza. Kule ni 120, hapa kwetu ni 240. Ukiichomeka hivyo tu, utasikia harufu, na si ya kahawa. Pia jumlisha usafiri na ushuru kabla hujalipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu yako.

Kuhusu kulipa, lipa kwa till au paybill, na usome jina la biashara linalotokea kabla ya kuweka PIN. Watu wengi wanadhani pesa ikiharibika wataomba muamala urudishwe. Huduma hiyo ni ya pesa iliyotumwa kimakosa. Mimi sikukosea namba. Nilimtumia yule yule niliyetaka kumtumia. Kilichobaki kilikuwa kati yangu na yeye, na yeye hakushika simu. Na usichukue mkopo wa simu kwa hii. Sh500 kwa wiki kwenye akiba ya kufunga ni Sh10,000 kwa wiki 20, na katika hizo wiki unaweza kuliomba duka linalouza kahawa nzima likusagie.

Siku ya kununua, beba kahawa yako kidogo. Omba isagwe mbele yako, uimwage kwa karatasi nyeupe, uitazame kwa jua. Chembe zikifanana, toa simu. Muuzaji akikataa kusaga, rudisha kahawa mfukoni uende duka lingine.