Kijana na Kazi ya Gazeti

Wazee wa Mbeya na Iringa hutuuliza: kijana atakaye uandishi wa habari atafanyaje, nasi tu mbali na Dar es Salaam? Twamtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo tu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakungoja kuajiriwa.

Basi kijana wa Uyole na aanze na bei ya viazi, wa Mafinga na mbao. Awajue madalali, madereva na maimamu. Akihakikishe kila asikiacho. Habari ya kwanza ikikataliwa, apeleke ya pili. Nanyi wazazi, msaidieni nauli: waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapwa tu.