Tuanze na wimbo gani?

Leo naacha PHP kidogo. Bendi yetu ya hapa Kitengela, watu wanne wanaojifunza, imealikwa kupiga roki kwenye sherehe kule Kajiado, na bado tunabishana.

Mpiga gitaa anataka "Smoke on the Water" ya Deep Purple (1972). Kweli, zile noti za mwanzo hata mtoto anazishika kwa siku moja. Lakini nyuma yake kuna kinanda na ngoma za watu waliobobea, na mpiga ngoma wetu bado anahesabu kwa midomo. Mimi wimbo naupima kwa yule anayesumbuka zaidi, kwa sababu programu nayo haiendi kasi kuliko sehemu yake iliyo nzito.

Kura yangu ni "Zombie" ya The Cranberries (1994). Kodi nne tu (za gitaa jamani, si za KRA): E maina, C, G, D, zinazunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipotea, subiri mzunguko unaofuata uingie. Mzigo unabaki kwa mwimbaji, maana sauti ya Dolores O'Riordan si mchezo, ila tunaweza kuushusha wimbo kidogo.

Halafu "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms (1982), gitaa likwaruze, ukumbi mzima uitikie. Anayesema hiyo si roki aje aimbe yeye.