TUPIMWE TUKINGALI WAZIMA

KWA muda mrefu hapa Pemba unene umehesabiwa kuwa ni dalili ya neema, na wembamba kuwa ni alama ya dhiki. Lakini macho si mizani. Ipo hesabu nyepesi ya kumpima mtu mzima, nayo ni uwiano wa uzito na urefu.

Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 hupata takriban 27. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Na kuanzia 30 ni unene uliopindukia.

Chimbuko la hesabu hii ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa Ubelgiji wa karne ya 19. Yeye alitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa akimtibu mgonjwa. Hivyo basi, hatuna budi kuelewa kwamba hesabu hii ni chekeche, si hukumu. Mchukuzi wa magunia ya karafuu, aliyejengeka misuli kwa kazi, huweza kuonekana amezidi uzito ilhali hana mafuta ya ziada. Mwengine huonekana ni wa wastani, kumbe mafuta yamemjaa tumboni na kisukari kimekwisha kumwanza. Watoto na wajawazito wana vipimo vyao mbali.

Kwa sababu hiyo, anayekutwa nje ya wastani apimwe pia kiuno, shindikizo la damu na sukari. Kumwambia mtu amenenepa, kisha kumwacha aende zake, ni kumtia khofu bure. Na aliyekonda naye asisahauliwe, kwani wembamba huweza kuficha kifua kikuu au njaa ambayo mwenyewe anaona haya kuitaja.

Mama zetu angalau hupimwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawapandi mizani mpaka siku wanayochukuliwa hospitali hawajiwezi. Jambo hili halifai kuendelea.

Tunawataka watendaji wa afya wahakikishe kwamba kila kituo, kutoka Micheweni hadi Mkoani, kina mizani iliyo sahihi na kipimo cha urefu, na kwamba anayepimwa anaelezwa maana ya hesabu yake kwa lugha ya heshima. Masheha wawahimize wananchi, na viongozi wawe wa mwanzo kupanda mizani mbele ya watu.

Mwaka 1973 wenzetu wa Tanzania Bara walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walionesha kwamba elimu ya afya ni kazi ya umma mzima, si ya daktari peke yake. Sisi nasi, tuliofundishwa tangu chuoni kwamba israfu katika chakula haipendezi, hatuna udhuru. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.