Ilani: Liyongo Arudishiwe Ngoma Yake

Sisi waimbaji, wapiga ngoma, walimu na watambaji wa pwani tunaanzisha vuguvugu lenye dai moja: hadithi ya Fumo Liyongo isisimuliwe tena bila ngoma.

Katika hadithi hii ngoma si pambo. Liyongo, bingwa wa upinde na wa mashairi, alitiwa gerezani Pate na mfalme aliyeuhofia ubabe wake. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakila kile kizuri. Ndipo Liyongo alipomtuma Saada kwa mama yake na maneno ya kishairi. Humo mlikuwa na agizo: oka mkate wa wishwa, ndani yake tia tupa. Walinzi wakajilia mkate mzuri, ule wa wishwa wakaudharau. Kisha, alipoulizwa ana haja gani kabla ya kuuawa, Liyongo aliomba achezewe ngoma ya gungu. Yakaja matuazi, zikaja pembe, watu wakajaa. Waitikiaji walipopaza sauti nje, ndani tupa ilikuwa ikila minyororo, mpaka Liyongo akatoroka.

Ondoa shairi, na mama hapati agizo. Ondoa gungu, na walinzi wanaisikia tupa. Kinachobaki ni habari ya mtu mwenye nguvu aliyekufa gerezani.

Hata mauti yake yana wimbo. Baadaye mwanawe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake ndiye aliyemwendea, akambembeleza kwa nyimbo, na hapo maiti ikaanguka. Sisi tunaona hapo ndipo penye uchungu wa hadithi nzima, na mtambaji anayepapitia kwa sentensi moja kavu anamdhulumu mama yule.

Edward Steere alichapisha masimulizi haya London mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akayatungia utenzi. Tunawashukuru wote wawili. Lakini utenzi ni wa kuimbwa, na leo mwanafunzi anaweza kuorodhesha sifa za shujaa Liyongo pasipo kusikia hata ubeti mmoja kwa sauti ya mtu.

Wapo waliofanya vingine. Wajapani wanasimulia kwamba mungu wa jua, Amaterasu, alijifungia pangoni na dunia ikaingia giza. Ame-no-Uzume akapanda juu ya pipa lililopinduliwa, akacheza kwa vishindo hadi miungu ikaangua kicheko, na Amaterasu akachungulia nje. Habari hiyo imeandikwa katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, lakini haikuachwa kitabuni: katika mahekalu yao bado huchezwa kagura, ngoma ambayo wenyewe wanaifungamanisha na mchezo ule wa pangoni.

Basi tunawaomba walimu wasiibadili sehemu ya kuimbwa kuwa maelezo. Darasa liitikie, hata kama jirani atalalamika kwa kelele. Wazee wanaojua gungu la kukwaa na gungu la kufunda waalikwe kama walimu, na walipwe kama walimu, si kwa soda na picha ya pamoja. Atakayewarekodi aandike majina yao pale wanapokubali, na nakala ibaki nyumbani kwao. Sehemu za Saada na za mama zipewe waimbaji hodari, kwani wanawake hao wawili ndio walioibeba hila yote.

Mafunzo yetu yataanza na waitikiaji, kabla ya waimbaji wakuu na kabla ya wapiga matuazi, kwa sababu gereza la Pate lilivunjwa chini ya sauti zao. Anayejua kuitikia, awe anajua kusoma au hajui, na aje.