Fomu Isiyofunguka kwa Simu ya Kawaida Si ya Bure

Jumapili moja jioni binamu yangu alinipigia simu kutoka Kitui. Alikuwa anaomba basari, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. "Dada, hii fomu imekataa. Inaniambia tu nisubiri." Alikuwa ameipakua kwa simu, akaifungua, na badala ya maswali akaona ukurasa mtupu wenye maneno machache ya Kiingereza ya kumwambia asubiri. Akasubiri. Akadhani ni mtandao, akanunua bando lingine la shilingi 50. Akasubiri tena.

Jumatatu alikosa kibarua, akapanda boda hadi mjini: shilingi 300 kwenda na kurudi. Saiba walikuwa na kompyuta yenye programu iliyoweza kuifungua, akailipia shilingi 120 hadi alipomaliza kujaza na kutuma. Jumla 470. Na fomu yenyewe ilikuwa ya bure!

Shida haikuwa simu yake, wala mtandao. Shida ilikuwa aina ya faili ambayo mtu fulani ofisini aliichagua bila kumfikiria yeye.

Wengi wetu tukiona PDF tunajua itafunguka popote. Kwa kawaida ni kweli, na kuna sababu. PDF ilitoka kwa kampuni ya Adobe mwaka 1993, lakini mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Maana yake, mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma au kuiandika bila kuomba ruhusa. Ndiyo sababu taarifa yako ya malipo inafunguka kwa simu ya bei yoyote.

Lakini fomu za kujazwa ndani ya PDF zimekuwa za aina mbili. Kuna AcroForm, iliyoanza mwaka 1996, ambayo programu nyingi za bure zinaielewa. Halafu kuna XFA, ambayo kurasa zake huundwa na programu maalum wakati wa kufungua faili. Simu isiyo na uwezo huo inakuonyesha ule ukurasa wa kusubiri, na hapo utasubiri mpaka kesho. Toleo la PDF la mwaka 2017 liliiweka XFA kando kama kitu kilichopitwa na wakati, ila fomu zake bado zinazunguka. Kwa nje zote zinaitwa PDF. Huwezi kujua mpaka ikukwamishe.

Kama unatumia pesa kwa simu tangu zamani, hadithi hii unaijua. Kabla ya 2018, ukitumiwa pesa kutoka mtandao mwingine hapa Kenya, haikuingia kwenye akaunti yako ya simu. Ulipata ujumbe wenye nambari ya siri, ukatafuta wakala wa mtandao uliotuma ndio utoe. Pesa ilikuwa yako, lakini ilikuja kwa umbo ambalo simu yako haikuweza kulipokea. Mwaka 2018 mitandao ikaanza kutumiana moja kwa moja, na 2022 ikawezekana kulipa kwa till ya mtandao mwingine. Leo unalipia mboga bila kumuuliza mama mboga ni laini gani anatumia. Fomu nazo zinafaa ziwe hivyo.

Msimamo wangu ni huu: anayeomba habari ndiye abebe mzigo wa kuhakikisha fomu inafunguka. Kumwambia mwombaji "tafuta kompyuta" ni kumtoza ada ambayo haijaandikwa popote.

Na hili si la maofisi makubwa tu. Chama chenu kina fomu ya kusajili wanachama. Wewe mwenye duka una fomu ya oda. Mimi mwenyewe nimekosea hapa. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni nilituma maswali ya utafiti kwa wafanyabiashara wadogo yakiwa kwenye faili ya Word. Waliojibu walikuwa wachache mno, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba hawakuwa na hamu. Baadaye mmoja wao akanionyesha simu yake: mistari imeruka, visanduku vimepandana, hakuna pa kuandika. Hamu alikuwa nayo. Mahali pa kujibu ndipo hapakuwepo.

Sasa uchague nini? Jiulize maswali mawili, manake si kitu kimoja. Je, ni faili ya wazi, yaani haimilikiwi na programu ya kampuni moja? Na je, inafunguka kila mahali? Faili za OpenDocument, kwa mfano, ni za wazi kabisa na zimekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2006, lakini simu nyingi haziji na programu ya kuzifungua. Kwa chama, uwazi huo peke yake hautoshi.

Kwangu mimi zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni PDF yenye visanduku vya kawaida vya AcroForm. Unaweza kuitengeneza kwa LibreOffice, programu ya bure: unaandika fomu, unaweka visanduku, unaihifadhi kama PDF ukichagua iwe fomu. Mtu anaipakua mara moja na kuijaza hata bando likiisha. Ya pili ni fomu ya ukurasa wa wavuti, inayofunguka kwa kivinjari chochote. Hii inahitaji intaneti wakati wa kutuma, lakini majibu yanakufikia yakiwa yamepangwa. Ukitumia huduma ya mtu mwingine kuiunda, hakikisha unaweza kutoa majibu yote kama faili ya CSV, ambayo ni maandishi ya kawaida tu. La sivyo, siku huduma ikifungwa, orodha ya wanachama wenu imeenda nayo.

Wenye kabambe tusiwasahau. Hakuna faili itakayofunguka huko, kwa hivyo weka karatasi chache kwa katibu, au mpigie mtu simu umjazie.

Na jambo moja ambalo halibadiliki, fomu iwe ya aina gani: hakuna fomu halali inayohitaji PIN yako ya pesa. Ukiona kisanduku cha PIN, funga faili hiyo, usijaze chochote.

Kabla ya kutuma fomu kwa watu mia, itume kwa mtu mmoja: yule mwenye simu kuukuu kuliko wote kwenye familia yenu. Mwambie aifungue, ajaze, aihifadhi, akurudishie. Akifaulu bila kukupigia simu, tuma kwa wote. Akikwama, rekebisha wewe. Binamu yangu alifaulu kutuma fomu yake siku ile ikiwa imebaki nusu saa. Wangapi hawakuwa na 470 za kufika saiba, hiyo ofisi haitawahi kujua.